Kaburi Lililofyekwa Mara Mbili

Juni 24, Jumanne

Mvua tangu alfajiri. Daftari hili nililinunua niandike vipimo vya kachumbari zangu, lakini nimepika shuleni miaka thelathini na mikono yangu inavijua vipimo yenyewe. Basi liandikwe mengine.

Barua ya wilaya imefika. Barabara mpya itakata ubavu wa mlima wa makaburi, kwa hiyo makaburi thelathini na moja ya upande wa chini yahamishwe. La Mjomba Se-chan ni namba kumi na saba. Mjomba alikuwa kaka yake Mama. Aliuawa vitani akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye kilima cha huku huku kwetu Galdam. Wenye makaburi wajiandikishe na wahamishe kabla ya tarehe 20 Agosti kupita. Lisilo na mwenyewe litafukuliwa na mkandarasi, mifupa itachomwa, majivu yatawekwa kwenye rafu ya wasio na ndugu.

Nilimsomea Mama kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yake. Ana miaka themanini na sita. Hakuacha kumenya vitunguu saumu.

"Mwaka huu kalenda ya mwezi ina mwezi wa ziada," alisema. "Mhamisheni humo, mizimu ikiwa imefumba macho."

"Mhamisheni? Kwani wewe huji?"

"Magoti."

Kila mwaka ni magoti. Tukipanda kumfyekea Mjomba nyasi kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, Mama husimama njiani, hatua ishirini kutoka kaburini. Hainami, hasemi neno. Kwa wazazi wake, ambao wamezikwa juu zaidi, magoti hayo hayo hupanda bila shida. Niseme ukweli humu, maana hakuna anayesoma: mama yangu ana moyo mgumu.

Juni 25

Mvua. Matango yanaoza shambani.

Julai 3, Alhamisi

Nimetoka wilayani, na kichwa kinaniuma.

Binti wa dirisha la makaburi anaitwa Seon. Ana adabu na kucha ndefu. Alibonyeza kompyuta yake, akakunja uso.

"Mama, hili namba kumi na saba lina mwenyewe tayari."

"Ndiyo. Mimi."

"Hapana, ni Bwana Ma Gap-cheol wa ng'ambo ya kilima. Alijiandikisha juzi. Anasema ni kaburi la baba yake mdogo, askari, Ma Du-man."

"Binti yangu, kaburi lile nimelifyeka kwa mikono hii."

"Na yeye kasema hivyo hivyo. Kaleta na picha."

Akanigeuzia kioo. Mwanamume wa miaka kama sabini, kofia ya dereva wa teksi, mashine ya kufyekea begani, na nyuma yake kaburi letu limenyolewa safi. Picha za miaka kumi na miwili, moja kwa kila mwaka.

Sheria yao ni hii: kaburi likidaiwa na watu wawili, hakuna kibali mpaka wakubaliane. Wasipokubaliana hadi tarehe 20 Agosti, linahesabiwa halina mwenyewe. Zimebaki siku arobaini na nane. Mama sijamwambia.

Julai 4

Nimempigia simu binamu yangu Jae-gwon wa Daegu. Ndiye mwanamume wa ukoo wa Mama aliyebaki, na ndiye mwangalizi wa makaburi, kwa cheo.

"Jae-gwon, ile miaka niliyopanda nikakuta kaburi la Mjomba limeshafyekwa, ni wewe uliyefyeka?"

"Mimi nilidhani ni wewe, dada."

"Lakini mimi nilikuwa nakushukuru! Kila sikukuu nakutumia boksi la uyoga mkavu, na wewe unapokea!"

"Ulikuwa uyoga mzuri, dada. Ningekataaje?"

Nilikata simu, kisha nikacheka peke yangu jikoni mpaka nikajishika mbavu. Nikiwahi, nafyeka mimi. Akiwahi, anafyeka huyo dereva. Anayechelewa anashukuru ndugu zake na kwenda zake. Tumeishi hivyo miaka arobaini.

Nilipomaliza kucheka nikaogopa. Kama kaburi ni la Ma Du-man, Mjomba wetu yuko wapi?

Julai 9, Jumatano

Bwana Ma amekuja mwenyewe, na mvua yake. Hata hajasalimia, amesimama barazani anavua viatu:

"Kumbe wewe ndiye unayeacha nyasi upande wa nyuma wa tuta."

"Na wewe ndiye unayemwaga soju mpaka nyasi zinaungua."

"Baba yangu mdogo alikuwa anaipenda."

"Mjomba wangu hakuwa mnywaji!"

"Basi kwa miaka arobaini atakuwa amejifunza."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nilimpa chai ya shayiri. Akaeleza kwamba mwaka 1983 askari mmoja mstaafu alimwambia baba yake kuwa Du-man aliangukia kwenye kilima chetu na watu wa Galdam ndio waliomzika. Walipokuja kuuliza, mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule aliwanyooshea kidole: kaburi la askari ni lile. Lilikuwa moja tu.

"Kwenu nani alikuwepo anapozikwa?" akaniuliza.

Hakuna. Kwa desturi, kijana ambaye hajaoa akiwatangulia wazazi, wazazi hawampeleki mlimani. Wanawake ndiyo kabisa. Wanaume wa chama cha maziko humbeba, humfukia, hushuka, na hakuna anayewauliza kitu. Babu na Bibi waliambiwa tu, yuko pale.

"Kwetu pia ingekuwa hivyo," alisema Ma. "Basi mmoja wetu amekuwa akimwinamia mgeni."

Mama akatokea mlangoni. Huyu asiyesikia chochote.

"Huyo wenu," alimwambia, "alivaa soksi gani?"

Ma alinitazama mimi, kisha yeye. "Bibi, nilikuwa sijazaliwa."

Mama akarudi ndani.

Julai 10

Mama hakula.

Julai 11

Hakula. Uji vijiko vitatu, kwa ugomvi.

Julai 13

Mvua kubwa. Mto umefika kwenye ukingo wa shamba la jirani yetu Bwana Do. Uji vijiko viwili.

Julai 17, Alhamisi

Leo asubuhi niliweka bakuli la uji mbele yake nikamwambia sitaondoka hadi ale au aseme. Alisema.

"Ni mimi niliyemwonyesha, Yang-ja."

Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili kwa kalenda ya mwezi, baridi kali. Mama alikuwa na miaka kumi na miwili. Mapigano yalikuwa yamepita kilimani na jeshi limesonga mbele. Wanaume wa kijiji waliteremsha maiti mbili, wakazilaza kwenye nyumba ya kinu cha mpunga. Ilisemekana mmoja ni Se-chan. Babu alikuwa amechukuliwa kubebea jeshi mizigo, na Bibi alikuwa ameanguka hajiwezi. Wakamshika mkono mtoto.

"Nyuso zilikuwa zimeungua. Wakaniuliza, yupi? Mimi sikuangalia juu, niliangalia miguu. Nikaona soksi za kahawia, alizofuma mama yangu. Nikasema huyu, nikakimbia. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba mwaka ule kila nyumba ilifuma soksi za kahawia. Tulikuwa tukifumua blanketi zile zile za jeshi."

"Na yule mwingine?"

"Waliniambia jeshi limemchukua. Sikuuliza tena." Alisukuma bakuli pembeni. "Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda. Alianguka kwenye mforosadi wetu akinichumia mimi matunda, na mfupa ukaunga vibaya. Ningeushika mkono tu. Mkono tu, Yang-ja! Niliogopa."

"Ndiyo maana husogei karibu?"

"Nisogee nimwite nani? Nimwite kaka, kumbe si yeye? Na yeye alipo anasikia namwita mtu mwingine kaka?"

Miaka sabini na minne amelibeba jambo hili, na katika miaka hiyo amenizaa, amenilea, amenioza, amemzika Baba, wala hakunidokezea. Nimerudi ukurasa wa kwanza kuyafuta yale niliyoandika kuhusu moyo wake. Nimeyaacha yanisute.

Kabla sijaondoa bakuli alinishika kiganja. "Nataka kujua kabla hawajamchoma. Hata akiwa si yeye, nataka kujua."

Nimemwahidi. Sijui nitaitimizaje ahadi yenyewe.

Julai 21

Wilayani tena. Kumbukumbu za jeshi zinasema Eom Se-chan alifariki "eneo la kilima", na Ma Du-man vivyo hivyo, siku moja. Mahali pa kuzikwa: patupu. Seon alinipa peremende.

Julai 25, Ijumaa

Mwezi wa ziada umeanza leo. Majirani wanajishonea sanda zao, maana zikishonwa mwezi huu huleta maisha marefu, cherehani zinalia kijiji kizima. Mama amekula nusu tango. Zimebaki siku ishirini na sita.

Julai 28, Jumatatu

Leo nimefungua sanduku la chama cha maziko. Liko stoo ya ukumbi wa kijiji, chini ya nguzo za lile jeneza la kubebea ambalo hakuna aliyelibeba tangu hospitali zianze kuzika watu. Panya wamekula kofia za maombolezo, lakini daftari limesalimika. Katibu wa enzi hizo aliandika kila mazishi: wabebaji wangapi, pombe kiasi gani. Nilisoma nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi.

"Mwezi wa kumi na mbili, siku ya tisa. Ardhi imeganda. Moto wa kuyeyusha udongo tangu asubuhi. Shimo moja. Wabebaji wanane. Pombe ya mchele mtungi mmoja. Mabakuli mawili."

Jina hakuna. Ni yeye, lazima awe yeye, tarehe inalingana na anayosema Mama. Lakini shimo moja ni askari mmoja, yaani niko pale pale. Nimekasirika hata na wale wabebaji: wanaume wanane, mtungi mmoja, mabakuli mawili. Mabahili gani hao!

Agosti 2, Jumamosi

Amekuja Gil, mhamisha makaburi, kupima njia ya kupitishia vifaa. Kazi hii ameifanya miaka arobaini. Nilimwonyesha daftari na kumlalamikia ubahili wa wazee wetu. Akacheka hadi akakohoa.

"Si ya kunywea hayo, mama! Watu wasio na uwezo wa kuchonga jiwe walichukua bakuli la wali, wakaandika jina la marehemu ndani kwa wino, wakapaka nta, wakalifunika udongoni upande wa kichwa. Nimetoa mengi tu. Bakuli moja, mtu mmoja."

"Na mabakuli mawili?"

"Hapo usiniulize mimi. Uliza shimo."

Nina miaka sitini na mitatu na nilikimbia kwenda kwenye simu.

"Bwana Ma, nadhani hakuna aliyekosea." Nikamweleza: ardhi imeganda, moto tangu asubuhi, nani angechimba la pili? Waliwalaza pamoja. Jina la Du-man wake labda liliachwa na jeshi, bila kusema ni maiti ipi. Halafu wabebaji wakafa au wakahama, na kijiji kikabaki kinasema kaburi la askari.

"Yaani soju yangu walikuwa wanagawana?" alisema Ma, na sauti yake haikuwa sawa.

Nilimwambia Mama nikitegemea afurahi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Jina la kwenye bakuli waliandika kwa mdomo wa nani?" aliuliza.

Kwa mdomo wake. Kama alikosea pale kinuni, basi waliyabadilisha majina ya wote wawili, na familia zote mbili zitachukua mtu asiye wao.

Agosti 5

Mimi na Ma tumetia saini pamoja. Fomu ina nafasi ya mwenye kaburi mmoja tu. Seon aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akachora mstari wa pili kwa kalamu yake. Mungu ambariki na kucha zake.

Agosti 13

Mvua. Gil ameahirisha.

Agosti 14

Mvua.

Agosti 16

Mvua. Gil anasema udongo mlowevu unaponda mifupa. Mama anakaa dirishani anaangalia mlima. Amekonda mpaka pete imehamia kidole cha kati.

Agosti 18

Jua! Kesho.

Agosti 19, Jumanne

Niandike yote kabla sijasahau hata moja.

Mama alisema anakwenda. Sikusikia neno la magoti. Ma alichuchumaa mbele yake uani. "Panda, Bibi. Teksi hii haina mita." Akambeba mgongoni mlima mzima, akisema Bibi ni mwepesi kuliko mashine yake ya kufyekea. Jae-gwon alifika kutoka Daegu na boksi la uyoga mkavu, akanikabidhi kwa mikono miwili bila kuniangalia usoni. Tukamketisha Mama chini ya mwavuli, kando kabisa ya tuta. Hajawahi kuwa karibu hivyo.

Gil alimimina pombe, akapiga kelele kama anayebisha hodi: "Tumekuja kuwahamisha! Msishtuke!" Kisha akaanza. Nyasi kwanza, halafu udongo mwekundu, halafu udongo mweusi wenye mkaa wa ule moto wa kuyeyushia. Saa nzima. Jembe likaachwa, ikashikwa mianzi na burashi.

Yalikuwepo. Mabakuli mawili ya wali, mdomo chini, yamekaribiana. Gil aliyapindua, akayafuta kwa kidole gumba. La kulia: Eom Se-chan. La kushoto: Ma Du-man. Ma alipiga ukelele, akamkumbatia Jae-gwon ambaye hata hawajuani. Mimi nilimtazama Mama.

"Msishangilie," alisema.

Akamwambia Ma yote, kinu, soksi, mkono wa kushoto uliopinda, kukimbia, mbele ya watu, kwa sauti kavu. "Kwa hiyo huyo unayemwita wako huenda ni wangu. Na kosa ni langu."

Ma alivua kofia. Nilitegemea awe mkali, ana haki.

"Bibi, ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Basi kosa ni la waliokupeleka. Sisi wazima hapa tumefyeka kaburi moja miaka arobaini bila kujua, na wewe unajilaumu kwa soksi?"

Gil alilala kifudifudi ukingoni, akafanya kazi na burashi chini ya bakuli la Se-chan, upande wa mkono wake wa kushoto. Aliinua mifupa miwili mirefu ya kigasha, akailaza juu ya karatasi nyeupe. Mmoja ulikuwa umenyooka. Mwingine, karibu na kifundo cha mkono, ulikuwa umevimba na kupinda, unaonekana hata na mimi nisiye na miwani.

"Nipe," alisema Mama.

Si desturi. Gil alimpa. Mama alipitisha kidole gumba juu yake taratibu, akafika pale pa uvimbe, akasimama.

"Hapa. Hapa ndipo alipofungwa, na mama yangu akamfunga kwa kukaza mno kwa sababu alikuwa amemkasirikia." Kisha akasema, "Kaka." Akarudia, kwa nguvu, kama anayemwita mtu kutoka shambani. "Kaka! Ni mimi, Pil-lye! Sikukosea, Kaka!"

Akalia. Sijawahi kumwona Mama akilia, hata siku ya Baba. Alilia kama mtoto, mdomo wazi, mfupa kifuani. Ma alilia, Jae-gwon alilia ndani ya taulo. Gil alikwenda kuangalia mkono wa pili, wa Du-man, akatutangazia kwamba umenyooka vizuri, kisha akaugeukia mti akapenga kamasi. Mimi nilifurahi. Niandike wazi: nimefurahi kuliko siku niliyojifungua, maana siku ile niliumwa.

Jioni Mama amekula mabakuli mawili ya wali na samaki mzima, akalalamika kwamba nimeunguza ngozi.

Agosti 20, Jumatano

Ma alitakiwa aondoke na sanduku la mifupa ya Du-man alfajiri. Mlima wa kwao umejaa mitambo ya umeme wa jua, na alikuwa amekodi rafu ya kuhifadhia marehemu mjini. Mama alikuwa macho.

"Wamelala kitanda kimoja miaka sabini na minne," alisema. "Ukimchukua sitakuzuia. Lakini miguuni pa wazazi wangu kuna nafasi."

Ma alilipakata tena sanduku. "Soju itaruhusiwa?"

"Mimina," alisema Mama. "Kaka atakuwa ameshazoea."

Tumewalaza juu, matuta mawili, mkono kwa mkono, zikiwa zimebaki siku mbili mwezi wa ziada uishe. Seon amepiga muhuri saa kumi na nusu, nusu saa kabla ya kufunga dirisha.

Septemba 27

Tumefyeka pamoja. Ma amekagua upande wangu wa nyuma. Hakuona unyasi, na imemuuma.

Oktoba 6, Chuseok

Manyunyu asubuhi, kisha pakakauka. Tulipanda sote, tukaandaa matunda na keki za mchele, tukainama. Mama alisema tushuke tumsubiri chini, ana mazungumzo. Tuliketi kwenye mawe, mimi na Ma na Jae-gwon, tukala keki zilizobaki. Ilipita saa nzima. Tulimsikia kutoka chini, maneno hatukuyasikia, ila sauti tu inapanda na kushuka, mara anacheka, mara anakaripia mtu.

Nilipokwenda kumchukua alikuwa bado anaongea. Ilibidi nimvute mkono.

"Mama, unamwambia nini muda wote huo?"

"Habari za nyumbani. Mtu hajui kama baba alirudi na mizigo ile. Hajui hata kama vita vilisimama. Nimeanzia siku ile aliyoondoka." Aliegemea bega langu, tukaanza kushuka. "Leo nimefika mwaka nilioolewa, na habari za baba yako bado sijamweleza vizuri. Jumapili unilete tena."